Mtoto kapata, kompyuta inasema kakosa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha hisabati Darasa la Sita hapa Usa River, nje kidogo ya Arusha. Shule yetu ina kompyuta 12, na moja yenye nguvu kidogo ndiyo tunayoitumia kama seva. Intaneti ni ya kubahatisha, kwa hiyo nimeweka wiki, yaani tovuti ambayo kurasa zake huhaririwa na watumiaji, ndani ya seva hiyo kwa programu ya MediaWiki, ileile inayoendesha Wikipedia, na watoto wanaifungua kwa mtandao wa ndani. Nimewatungia chemsha bongo za KDS (kigawe kidogo cha shirika), KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na kugawanya. Mwanzoni namba zilikuwa zilezile kila siku, wakakariri majibu. Nikabadilisha, nikatumia namba za nasibu. Balaa likaanzia hapo. Mtoto anaulizwa KDS ya 6 na 8, anaandika 24, anabonyeza Tuma. Ukurasa unarudi na swali la 9 na 12, jibu lake limepakwa nyekundu na pembeni imeandikwa 36. Wiki iliyopita binti mmoja alilia. Siku nyingine inakuwa kinyume: darasa zima linapewa namba zilezile na wananakiliana. Nifanyeje?
Mwalimu, Usa River

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale pa binti aliyelia nilisimama. Mtoto aliyepata akaambiwa amekosa hajui kwamba kosa ni la mashine. Anajua tu kwamba alifikiri, akafika mahali pa kweli, akakataliwa. Ukimfanyia hivyo mara tatu ataacha kufikiri na kuanza kukisia. Kwa hiyo hili tulitatue lote, tusiweke kiraka.

Nianze na kopo la visoda. Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi upande wa Kibosho, darasa la watoto 61. Vitabu vilikuwa vichache na wote waliokaa dawati moja walinakiliana, kama hao wako. Nikaokota visoda kwenye baa za Kiborloni na Majengo, nikavisugua kwa mchanga, nikaandika namba upande wa ndani kwa rangi ya mafuta. Kila mtoto alipita mbele, akachomoa visoda viwili, akaenda kutafuta KDS yake. Siku ya kwanza nilisahau jambo moja dogo. Watoto walirudisha visoda koponi, wakaenda kukaa, wakaandika jibu tu. Jioni nikajikuta na madaftari 61 yenye majibu bila maswali. Daftari moja limeandikwa 24. KDS ya nini na nini? Ya 6 na 8? Ya 3 na 8? Sikuweza kusahihisha hata moja, na wapo waliokuwa wamepata. Kesho yake amri ikawa moja: andika kwanza ulichochomoa, ndipo urudishe kisoda.

Wiki yako iko kwenye siku yangu ya kwanza. Inachomoa, inauliza, inarudisha koponi, na jibu likija inachomoa upya ili isahihishe.

Tazama seva inavyofanya. Ukurasa ukiombwa, seva inasoma maandishi uliyoandika, inatekeleza vigezo (vipande vya maandishi vinavyoitwa ndani ya kurasa) na moduli (programu fupi za wiki) zote, inapata ukurasa kamili wa kuonyesha. Kazi hiyo ni nzito, kwa hiyo matokeo yake yanawekwa akiba, na mtu wa pili akiuomba ukurasa huohuo anapewa nakala ya akiba. Namba yako ya nasibu ilichomolewa mara moja tu, wakati wa kupika ukurasa. Ndiyo maana kuna siku darasa zima linapata namba zilezile. Mtoto akibonyeza Tuma, kiendelezi cha maswali, yaani programu ya nyongeza inayoonyesha chemsha bongo, kinalazimika kuupika ukurasa upya ili kipake rangi za kupata na kukosa. Kupika upya ni kuchomoa visoda vingine. Anasahihishiwa swali ambalo hakuulizwa. Kwa hiyo malalamiko yako mawili ni ugonjwa mmoja, na kuzima akiba hakutakusaidia: utaondoa dalili moja na kuiongeza nguvu ile nyingine.

Dawa ni namba ionekane ya nasibu machoni pa mtoto, huku wewe na seva mkiweza kuikokotoa tena wakati wowote, ikatoka ileile. Isichomolewe, ikokotolewe. Kinachohifadhiwa ni namba moja ndogo ya kuanzia, tunayoiita mbegu. Ukijua mbegu na kanuni, unayajua maswali yote.

Mimi nililifika hilo kabla sijagusa kompyuta, kwa sababu visoda viliibwa. Nikawaambia watoto: chukua namba yako ya daftari la mahudhurio, zidisha kwa 21, ongeza 7, chukua tarakimu mbili za mwisho. Hiyo ndiyo namba yako ya kwanza. Rudia kwa hiyo uliyoipata, upate ya pili. Mtoto namba 34 anafanya 34 mara 21, ni 714, ongeza 7, ni 721, anabaki na 21. Kutoka 21 anapata 48, kisha 15, 22, 69, 56. Ukiendelea hivyo utapita namba zote 100, kuanzia 0 hadi 99, kila moja mara moja, ndipo urudi ulikoanzia. Nikiwa nyumbani na orodha ya mahudhurio nilijua kila mtoto aliulizwa nini bila kumuuliza.

Kanuni hii haikuwa yangu. Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliieleza mwaka 1949, alipokuwa akitafuta namba za nasibu kwa kompyuta ya ENIAC: zidisha kwa 23, gawanya kwa 100,000,001, chukua baki, rudia. Sura ni karibu ileile: yeye hakuongeza kitu, na namba zake ni kubwa zaidi.

Sasa, kuna mvulana mmoja wa darasa lile alinijia na daftari lake akasema, mwalimu, mkia wake unajulikana. Nikamwambia anionyeshe. Akapiga mstari chini ya tarakimu za mwisho za 34, 21, 48, 15, 22, 69, 56. Ni 4, 1, 8, 5, 2, 9, 6. Kila hatua mkia unaongezeka 7 na ukipita 10 unaiacha. Na alikuwa sahihi, kwa sababu 21 ikizidishwa na chochote mkia haubadiliki, ni ile 7 tu inayousogeza. Shufwa na witiri zinapokezana bila kukosea hata mara moja. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kwenye moduli nyingi za wiki: mtu anataka namba kati ya 1 na 10, anachukua namba kubwa aliyoipata, anaigawanya kwa 10 na kuchukua baki. Baki hilo ni mkia. Kwenye vikokotozi vya aina hii, hasa vile ambavyo kigawanyo chake ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara nyingi, mkia ndio sehemu dhaifu. Chukua kichwa. Kwenye mfano wangu makumi ni 3, 2, 4, 1, 2, 6, 5. Humo mvulana hakuona kitu.

Kwenye seva yako tumia namba kubwa. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kanuni fupi kama kiwango cha chini ambacho yeyote asiye na bora zaidi akitumie: zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, chukua baki. Hakuna cha kuongeza. 16807 ni 7 kwa kipeo cha 5. 2147483647 ni namba tasa, na kanuni hii inapita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646 kabla ya kujirudia. Mbegu isiwe 0, maana 0 ukiizidisha utabaki nayo milele. Kupata namba kati ya 2 na 12, ambazo ni namba 11, zidisha ulichopata kwa 11, gawanya kwa 2147483647, tupa desimali, ongeza 2. Hapo umechukua kichwa.

Iandike kwa Lua, lugha ya moduli za wiki, kupitia kiendelezi cha Scribunto. Usiiandike kwa vigezo vya kawaida vya hesabu. Sababu ni ya kompyuta za shule zetu: nyingi ni za misaada, na baadhi ni za biti 32. Kigezo cha hesabu kikitafuta baki hugeuza namba kuwa namba kamili kwanza, na kwenye mashine ya biti 32 namba kamili inaishia 2147483647. Zao letu kubwa kabisa ni 36,092,757,638,322. Litakatika na utapata upuuzi bila onyo lolote. Lua ya wiki huhesabu kwa namba za desimali zenye uwezo wa kushika namba kamili bila kosa hadi 9,007,199,254,740,992, kwa hiyo kuna nafasi tele.

Utaniuliza, Lua si ina math.random yake na sehemu ya kuipa mbegu? Inayo. Lakini wiki inatumia Lua ya toleo la 5.1, na katika toleo hilo math.random hukopa kikokotozi cha mfumo wa kompyuta husika. Mbegu 17 kwenye seva yako ya leo na mbegu 17 kwenye seva utakayopewa mwakani si lazima zitoe namba zilezile. Majibu uliyochapisha kwa ajili ya wazazi yatakuwa ya maswali mengine. Kanuni ya mistari minne uliyoiandika mwenyewe itatoa namba zilezile Usa River, Moshi na popote.

Jambo jingine la Scribunto: kila unapoiita moduli kwa #invoke, inaanza upya kama mtu aliyetoka usingizini. Haikumbuki swali la 1 lilifika wapi. Kwa hiyo usipange kwamba swali la 2 litaendelea pale la 1 lilipoishia. Kila swali lijitegemee, likipewa mambo mawili: namba ya karatasi na namba ya swali.

Namba ya karatasi itoke wapi? Wengi wanakimbilia saa au namba ya marekebisho ya ukurasa. Njia safi ni kurasa ndogo. Tengeneza ukurasa uitwao Zoezi la KDS, chini yake uweke Zoezi la KDS/1, Zoezi la KDS/2, hadi 60 ukitaka. Kila mmoja uwe na mstari mmoja tu unaoita kigezo kilekile. Neno la wiki SUBPAGENAME litakupa ile namba iliyo baada ya mkwaju, na hiyo ndiyo karatasi. Mtoto namba 17 anafungua ukurasa wa 17. Akituma, ukurasa unapikwa upya, na kwa kuwa jina la ukurasa halijabadilika, namba hazibadiliki. Akirudi kesho baada ya umeme kukatika, atakuta KDS ya 6 na 8 ikimsubiri palepale. Ile akiba iliyokuwa adui inageuka rafiki: inakupunguzia kazi ya seva bila kumdhuru mtu. Angalia kwanza kama kurasa ndogo zimeruhusiwa kwenye eneo kuu la wiki yako. Zikiwa zimezimwa, SUBPAGENAME itarudisha jina zima la ukurasa na moduli italalamika kwamba hiyo si namba.

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, na sitaki uanguke. Miaka michache iliyopita niliwasaidia walimu wa shule moja hapa Moshi kutengeneza zoezi la kuzidisha. Nikaweka kanuni ya Park na Miller, mbegu ikiwa namba ya mtoto. Nikajaribu kwa ukurasa mmoja, ukafanya kazi, nikaenda nyumbani. Jumatatu mwalimu wao akanipigia: mama, watoto wote 40 swali la kwanza linaanza na 2. Nilipanda bodaboda nikaenda kuona. Mtoto wa 1 alikuwa na 2 mara 3. Wa 2, 2 mara 4. Wa 3, 2 mara 6. Wa 4, 2 mara 7. Kisha 2 mara 9, 2 mara 10, 2 mara 12, na wa 8 akapata 2 mara 2.

Kaa na karatasi uone kwa nini. Mbegu 1 mara 16807 ni 16807. Mbegu 40 mara 16807 ni 672,280. Zote ni ndogo mno mbele ya bilioni mbili na ushee, kwa hiyo kichwa chake ni sifuri na kila mtoto anapata namba ya chini kabisa, yaani 2. Hatua ya pili ya mbegu 1 ni 282475249, ya mbegu 2 ni hiyohiyo mara mbili, ya mbegu 3 ni mara tatu. Zinapanda ngazi kwa mwendo mmoja.

Mtu akanishauri nitupe hatua tatu za mwanzo. Nikatupa. Mtoto wa 1 akapata 7 mara 7, wa 2 akapata 12 mara 2, wa 3 akapata 6 mara 8, wa 4 akapata 11 mara 3, wa 5 akapata 5 mara 9, wa 6 akapata 10 mara 4. Ukitazama haraka unaridhika. Nikamkumbuka yule mvulana wa Kibosho, nikasoma wima. Namba za kushoto: 7, 12, 6, 11, 5, 10. Za kulia: 7, 2, 8, 3, 9, 4. Mtoto yeyote aliyefundishwa mfululizo ataigundua kabla ya kengele ya mapumziko, na akishajua namba za jirani yake wa kushoto atajua zake na za wa kulia. Kutupa hatua kunaficha ngazi, hakuivunji, kwa sababu kuzidisha kunahifadhi umbali: mbegu zinazofuatana zitabaki zimepangwa kwa pengo moja, utupe hatua ngapi.

Kinachoivunja ni kusaga mbegu kabla ya kuitumia. Scribunto ina mw.hash, na ndani yake kuna kinu cha MD5. Unakipa maandishi yoyote, kinakurudishia herufi na tarakimu 32. Ukibadilisha hata herufi moja, karibu zote 32 zinatibuka. Kipe 3 pekee, matokeo yanaanza na eccbc87e. Kipe 4, yanaanza na a87ff679. Hizo 8 za mwanzo zisome kama namba ya msingi wa 16: ya kwanza ni 3972778110, ya pili ni 2826958457. Jirani wa 3 na 4 hawajuani tena. Gawanya kwa 2147483646, chukua baki, ongeza 1 ili usiangukie sifuri, na hiyo ndiyo mbegu ya kanuni ya Park na Miller. Kwa usiri wa benki MD5 imeshapitwa na wakati, lakini kwa KDS ya Darasa la Sita inatosha na kubaki.

Usiisagishe namba ya mtoto peke yake. Andika neno lenye jina la zoezi, toleo, karatasi na swali, kwa mfano kds-1-17-3: zoezi la KDS, toleo la 1, karatasi ya 17, swali la 3. Muhula ukiisha na unataka maswali mapya, badilisha toleo liwe 2, kurasa zote 60 zinapata namba mpya kwa mguso mmoja. Ukihitaji kurudi kuangalia swali la muhula uliopita, rudisha 1. Katikati ya muhula usiguse kanuni hata ukiona njia nzuri zaidi. Mzazi akija na daftari la mwanawe, uweze kumwonyesha swali lilelile.

Namba zikishatulia, bado kuna swali lenyewe. Namba thabiti inaweza kutoa swali baya. Kwa kugawanya, usichomoe kigawanyo na namba ya kugawanywa, utapata 83 gawanya kwa 7 na mtoto atajaza desimali ukurasa mzima. Chomoa jibu na kigawanyo, vizidishe, upate namba ya kuuliza: jibu 12, kigawanyo 7, unauliza 84 gawanya kwa 7. Kwa kutoa, chomoa jibu na namba ya kutolewa, uzijumlishe. Yaani tunga kuanzia mwisho. Kwa KDS, tatizo ni namba mbili kufanana, maana KDS ya 8 na 8 haimfundishi mtu. Wengine wanachomoa tena hadi zitofautiane. Njia fupi ni hii: kama namba ya kwanza ni kati ya 2 na 12, ya pili ichomoe kati ya 2 na 11, ikiwa sawa na ya kwanza au imeizidi, iongeze 1. Hazitafanana kamwe, na kila namba iliyobaki ina nafasi sawa.

Huyo binti aliyelia, mwite umwonyeshe swali lake la siku ile. Mwambie 24 ilikuwa sawa. Afanye hivyo mwalimu wake, mbele ya waliomwona akilia.

SWALI: Mwalimu, hapa Soweto, Moshi, tunatumia saa ya seva kama mbegu, hadi sekunde. Kila ukurasa ukifunguliwa namba ni mpya kweli. Kuna ubaya gani?
Fundi kompyuta

JIBU: Ubaya ni sekunde zilizo kati ya kuuliza na kujibu. Mtoto anafungua saa 4:10, anatuma saa 4:13, na mbegu imeshabadilika. Saa inafaa kwa kitu kimoja: kuchagua karatasi. Weka kitufe cha Nipe zoezi jingine, kitumie saa kumpeleka mtoto kwenye ukurasa mdogo mmoja kati ya 60, kisha saa iishie hapo. Kuanzia alipofika, jina la ukurasa litawale. Na kama lazima ugandishe namba ya saa ndani ya ukurasa, ita kigezo kwa amri ya wiki iitwayo “subst:” wakati wa kuhifadhi. Namba itachorwa kwenye maandishi ya ukurasa mara moja, kama kisoda kilichoandikwa daftarini, na haitabadilika hadi mtu aihariri.

SWALI: Shikamoo. Kwenye wiki si kila mtu anaweza kubonyeza Hariri akaona majibu? Basi zoezi lina faida gani?
Mama wa mwanafunzi, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba mama. Ukurasa uliotungwa kwa njia niliyoeleza hapo juu una mstari mmoja tu, wito wa kigezo. Akibonyeza Hariri haoni namba wala jibu. Mwanafunzi mjanja sana anaweza kuifuata moduli, kuisoma, kupiga hesabu ya baki kwa namba za tarakimu kumi na kulipata jibu la KDS ya 6 na 8. Akifanya hivyo mlete kwangu, nitamfundisha bure. Ila mtihani wa kupanda darasa usiufanyie huko. Haya ni mazoezi, mahali pa mtoto kukosea bila hofu na kurudia mara kumi.

Mwalimu wa Usa River, kabla hujawapa watoto, jaribu moduli yako hivi. Anza na mbegu 1 bila kuisaga. Hatua tano za mwanzo lazima ziwe 16807, 282475249, 1622650073, 984943658 na 1144108930. Kisha iache ikimbie hadi hatua ya 10,000. Park na Miller walichapisha jibu lake, ni 1043618065. Ukiona namba nyingine yoyote, nitumie mistari yako niiangalie.